Uzi wa Kijani Ndani ya Kola

Fundi huyu wa nguo pale sokoni Kitale hainui macho cherehani ikilia. Huongea na wateja pini zikiwa mdomoni, na kila shati analomaliza lazima aigeuze kola na kuitia ndani mishono mitatu ya uzi wa kijani, mahali ambapo hata mwenye shati hataona. Naim, mpelelezi wa kesi ya raia waliouawa na kufukiwa katika shimo moja, alimwekea mezani mashati sita yaliyofukuliwa humo. Kamanda aliyeshtakiwa anadai wote walikuwa wapiganaji. Fundi alitema pini kiganjani, moja baada ya nyingine, akanyoosha shati la kwanza kwa kidole gumba kana kwamba mwenye shati angekuja kulichukua jioni, kisha akageuza kola. Uzi wa kijani ulikuwepo.

“Hii ni mkono yangu,” alisema. “Ni ya kwaya ya kijiji cha Bokoli. Huyu alikuwa na shingo nene, nikamuongezea nusu inchi.”

Aligeuza kola zote sita. Zote zilikuwa na uzi ule, na zote alisema ni za kwaya hiyo.

Naim akamweleza kwamba mahakama iko ng'ambo, kwamba mawakili wa kamanda watambana kwa maswali, na kwamba ana haki ya kukataa kutoa ushahidi. Fundi alikuwa ameshazirudisha pini mdomoni.

“Si uwaambie waniwekee cherehani huko kortini,” alisema. “Na sindano namba kumi na sita. Wakisema ni uongo, nitashona ya saba wakiangalia.”