Mstari wa Sita wa Rejista

Kwa miaka kumi na mmoja Jerusha amekuwa akidunga vidole vya watu katika zahanati ndogo ya Muhuru Bay, ambako harufu ya omena, dagaa wa ziwani, huingia dirishani bila kubisha hodi. Anawajua wanaopimwa virusi vya ukimwi. Wakingoja majibu, wengine husali, wengine hutania, wengine hukikazia macho kipimo kana kwamba watakibembeleza.

Marcella, mchuuzi wa samaki, hakukitazama. Majibu yalipotoka, kwamba ana virusi, aliuliza jambo moja tu.

"Daktari, hapa mnatoa dawa za miezi mitatu ama sita?"

Jerusha akaweka kalamu chini. Anayesikia habari hii mara ya kwanza huuliza kama atakufa.

"Mama, umeanza kuzimeza lini?"

"Kumeza nini?"

"Hizo unazojua zinatolewa kwa miezi."

Marcella akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Akatoa mkobani chupa iliyobanduliwa lebo. Ndani mlikuwa na vidonge viwili. Miaka minne alikuwa akitibiwa katika kliniki ya Kosele, lakini mwezi uliopita wifi yake aliajiriwa kliniki hiyo hiyo, kwenye meza ya faili.

"Mdomo wake ni redio, daktari. Nikiomba barua ya kuhama, soko lote litajua. Niandike tu mpya, nianze upya."

Rejista ilikuwa wazi. Wapya wa mwezi huo walikuwa watano, na mstari wa sita ulikuwa unangoja. Kutokana na hesabu hizo, watu wa kaunti huona maambukizi yanapanda wapi.

"Nikikuandika mpya, watakuja kuzima moto mahali hakuna moto," Jerusha akasema. "Na wewe, miaka minne ya kumeza vizuri itapotea. Atakayekutibu hatajua ulikotoka."

"Na wifi?"

"Msimamizi wa kliniki ile ni Boaz. Ukiniruhusu, nampigia yeye mwenyewe. Faili ataitoa kwenye meza ya wifi kwa mkono wake."

"Akikataa? Mimi nimebaki na siku mbili."

"Leo huondoki mikono mitupu. Aliye safarini hupewa za mwezi mmoja."

Marcella akairudisha chupa yake mkobani.

"Piga nikiwa hapa. Nisikie kila neno."

Jerusha akapiga, akaweka spika na kueleza shida ya wifi; Boaz akauliza namba ya mgonjwa. Marcella akaitaja kutoka kichwani, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ndogo, kama anayetaja jina la mtoto aliyelala.

"Nimempata," Boaz akasema. "Anafanya vizuri huyu. Faili itabaki ofisini kwangu."

Jerusha akalivuta daftari jingine, la wapitao, akaandika jina la Marcella humo, akampa chupa ya mwezi mmoja. Mstari wa sita ukabaki mtupu.

Mlangoni, Marcella alianza kuibandua lebo ya chupa mpya kwa ukucha, kama alivyozoea. Pembe moja ikainuka. Akasita, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaitia chupa mkobani na kushuka kwenda kugeuza omena zake zilizoanikwa juani.