Nguruwe Aliyenyonyoka Manyoya

Sisi tuliokulia Mbozi miaka ile, kabla ya vyakula vya mifugo vya dukani, tulijua kila jani analokula nguruwe: la viazi, la mpapai, la mforosadi. Mti wa mlusina ulikuwa na masharti. Majani yake yaanikwe juu ya gunia mpaka yanyauke, kisha Mama achanganye kiganja kimoja tu kwenye pumba. Harufu ya gunia lile juani bado hunijia hapa Carrollton, Marekani, asubuhi, nikiendesha gari kwenda kuhudumia wazee, na kwa kitambo naona banda letu na mvuke ukipanda kwenye udongo.

Watoto wangu wanamjua nguruwe wa bekoni, aliyefungwa plastiki. Nikiwaambia tulimchumia majani kabla ya shule, wananiuliza kwa Kiingereza kwa nini hatukununua chakula chake.

Mchumaji nilikuwa mimi. Majani ya viazi yalikuwa mbali, bondeni, nami nilitaka kuwahi mchezo wa rede. Kwa wiki kadhaa nikawa naukwanyua mlusina wa nyuma ya choo na kumwaga bandani majani mabichi, gunia zima. Jike letu likanyonyoka manyoya, likabaki ngozi tupu kama goti la mtoto.

"Nani kampa mlusina mbichi?" Mama aliuliza, fimbo mkononi.

Nilitazama chini. Dada yangu Neema akasema, "Ni mimi, Mama."

Akachapwa. Manyoya ya nguruwe yaliota tena, lakini kijiji kizima kikamwita Neema Kinyozi, hata alipokuwa mama wa watoto wanne.

Neema alifariki mwaka huu, 2019. Sikuweza kusafiri, karatasi zangu hazijakamilika. Kabla ya mazishi kaka alinisomea kwa simu wasifu wa marehemu: "maarufu kama Kinyozi." Nikaomba kuongea na Mama.

"Mama, aliyempa nguruwe ni mimi."

"Mwenzio akachapwa unamtazama?"

"Ndiyo, Mama."

"Na miaka yote hii unacheka pamoja nasi!"

"Nilicheka, Mama."

"Haya, kesho nitawaambia watu. Mimi umeniambia. Yeye ulimshukuru lini?"

Zamani mimi na Neema tulilala kitanda kimoja. Ningeweza kumnong'oneza asante bila hata kugeuka. Siku hizi wanasema mawasiliano ni rahisi, kila mtu ana simu mkononi. Ni kweli. Namba ya Neema nilikuwa nayo miaka kumi na moja.