Tanuru la Kwanza la Baba

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Elisabethville, nyumba ilianzia miguuni. Ukitaka ukuta, ulivua viatu, kama ulikuwa navyo, ukaingia kwenye shimo la udongo uliolowa na kukanyaga mpaka magoti yalegee. Nikiwasimulia wajukuu wangu wananitazama kwa huruma, halafu wanarudi kwenye simu zao. Simu ikichelewa kufungua picha moja wanaguna na kuitupa kitandani, wanasema imewachosha. Mimi nacheka peke yangu, kwa sababu nilimwona baba yangu akichoka kiangazi kizima, kisha akashindwa mbele ya watu.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja kwenye site ya zamani, kile kitongoji cha wafanyakazi. Baba alikuwa mtu wa reli, kazi yake kukaza vyuma na kubadilisha mataruma. Mama alitoka upande wa Pweto, na kila mgeni aliyefika kutoka huko alituletea samaki wa kukauka, kwa hiyo chumba chetu, nguo zetu, hata madaftari yetu ya shule ya masista, vyote vilinuka ziwa. Tulikuwa watoto watatu: yaya Feliki, kaka yetu mkubwa, mimi Vero, na Poli, kitindamimba, aliyemfuata Baba kila aendako. Asubuhi king'ora cha kazi kilituamsha, na moshi wa bomba kubwa la kiwanda ukigeukia kwetu tulikohoa mtaa mzima. Bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo tulikula kwenye sahani moja, tukichungana mikono. Ile sahani ilitufundisha kugawanya kabla ya masista.

Kisha Baba akapewa kiwanja Katuba. Msiifikirie Katuba ya leo. Barabara zilikuwa zimechorwa tu, msitu umekatwa nusu, vichuguu virefu kuliko mtu vimesimama katikati ya viwanja. Sharti lilikuwa moja: kabla mvua hazijashika, kiwanja kiwe na kuta za matofali ya kuchoma, la sivyo anapewa mtu mwingine. Na mwenye chumba chetu alikuwa amekwisha kusema anakitaka chumba chake, mwanawe anaoa. Baba alitueleza wazi tukiwa tumekaa mkekani. Nyumba isiposimama, yeye atakwenda kulala na wafanyakazi wasio na familia, na Mama atarudi nasi Pweto kwa nkambo, mama yake. Poli akauliza kama reli inafika Pweto, ili Baba awe anakuja Jumapili.

Tulianza kazi mara kiangazi kilipoingia. Kila Baba alipotoka kazini tulishuka Katuba, na Jumapili pia baada ya misa, Mungu atusamehe. Udongo ulitoka kwenye kichuguu cha kiwanja chetu, maana kila mtu alijua udongo wa kichuguu unashikana. Feliki alichota maji mtoni. Mimi na Poli tulikanyaga, tukiimba nyimbo za masista na kuzibadilisha maneno kwa namna ambayo masista wasingeipenda. Baba alijaza udongo kwenye kalibu, kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako, akakinyanyua, na tofali likabaki chini likimetameta. Njaa ikituuma Mama alituchomea muhogo, tukaula na karanga kwa vidole vyenye udongo. Sijala muhogo mtamu kama ule tena, na meno yangu ya leo hayataki hata kusikia habari zake.

Hapo ndipo tulipopata mchezo wetu. Tofali likiwa bado bichi linapokea chochote. Mimi nilichora samaki kwa kidole, mstari na mkia, basi. Feliki alichora gurudumu, kwa sababu alitaka kuendesha garimoshi. Poli hakujua kuchora chochote, akawa anakandamiza dole gumba lake tu. Baba alipogundua alikasirika kweli. Alisema nyumba yake si kibao cha darasani, na kwamba wapita njia watadhani ndani wanakaa vichaa. Tuliacha kidogo, kisha tukarudia kwa siri.

Siku ya kupanga tanuru kila mmoja alibeba matofali yake mwenyewe, na kwa ubishi wa kitoto kila mmoja akachagua mahali pake. Feliki alichukua upande wa barabara, mimi upande wa mto, na Poli katikati, kwa kuwa Baba alisimama hapo. Tanuru likapanda mpaka likampita Baba kimo, likiwa na vinywa chini vya kutilia kuni, huku na huku. Baba hakuwahi kuchoma matofali maishani mwake. Alikuwa amewatazama wengine, akaona inatosha. Tulitia moto, tukaulisha magogo, na moshi ulipokwisha Mama alisema sasa tunaweza kuwaalika watu.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Tanuru halifunguliwi kimyakimya, kama vile mtoto habatizwi kimyakimya. Mama alitengeneza munkoyo chungu kizima, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akachinja jogoo. Walikuja wenzake Baba wa reli, katekista, na majirani wa viwanja, akiwemo Baba Ngoi, fundi cherehani mwenye mdomo usiolala. Baba alivaa koti lake la ndoa. Akapanda, akashika tofali la kwanza, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

Tofali lililoiva hulia kama sahani. Lile lilisema pu. La pili likasema pu. La tatu lilimvunjikia mikononi, na vumbi likamwagikia lile koti. Upande wa mto kulikuwa na mengine yaliyoungua mpaka yakashikamana, meusi, yasiyofaa kitu. Mazuri yalikuwa machache mno, hayakutosha hata ukuta mmoja.

"Baba Feliki," akasema Baba Ngoi, "hii tanuru yako ni ya kuchoma ao ni ya kuanika?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakauona uso wa Baba, wakatazama ndani ya vikombe vyao. Katekista alisema maneno mazuri kuhusu subira. Munkoyo ulinyweka kwa adabu, na wageni wakaondoka mmoja mmoja, nyama ikabaki sufuriani. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bado na koti lake. Nilitaka kumwendea, nikaogopa. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia baba yangu siku ile.

Tuliporudi nyumbani Mama alipiga magoti sakafuni. Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaanza kufunga sahani moja moja kwenye vitenge. Poli alipomuuliza sahani zinakwenda wapi, alisema zinapumzika. Feliki na mimi tulijua zinakwenda Pweto.

Baba alikwenda kazini na kurudi siku kadhaa bila kushuka Katuba. Jumapili, baada ya misa, akatuambia twende naye Katuba. Tulidhani tunakwenda kuyatupa matofali yaliyoharibika.

"Mulete yote," akasema. "Ya kuiva, ya mubichi, ya kupasuka. Musitupe hata moya."

Tukayatoa na kuyapanga chini, kiwanja kizima kikajaa. Baba alitembea katikati yake kama mtu anayetafuta ufunguo. Akainama, akaokota moja jeusi, akalifuta majivu kwa kiganja. Juu yake palikuwa na samaki.

"Vero, hii ilikuwa fasi gani?"

Nikamwambia mahali pake, upande wa mto. Nilirudi nyuma hatua moja, nikidhani nitapigwa. Akaokota jingine, lenye gurudumu, likamomonyoka pembeni. Feliki akasema lilikuwa upande wa barabara. Baba akaanza kwenda haraka, akigeuza tofali moja baada ya jingine, nasi nyuma yake. Samaki walikuwa wameungua. Magurudumu yalikuwa mabichi. Yale machache mekundu, yaliyolia vizuri, karibu yote yalikuwa na dole gumba la Poli. Baba akachota vumbi, akaliachia lidondoke kutoka mkononi, na vumbi likaenda lote upande wa mto.

"Kumbe njo upepo," akasema polepole. "Upepo ilisukuma moto yote kule. Mi nilikuwa nawaza ni mikono yangu iko mubaya."

Akatutazama. Nadhani alitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. Alisema siku ile alikasirika kwa sababu ya kuandika kwenye matofali, sasa tuandike kwenye yote. Feliki, ambaye tayari alikuwa na akili ya mtu mzima, akamuuliza tutafanya nini tukishindwa tena.

"Tutaangaria tena fasi inashindwa," Baba akasema.

Wakati ulikuwa umetubana. Mabichi tuliyaponda, tukayalowesha, tukayakanyaga upya, na safari hii hakuna aliyeimba. Mawingu yalianza kukusanyika kila alasiri kisha yakatawanyika, na kila yalipokusanyika Mama alilitazama sanduku. Baba alikandika tope nene upande wa barabara, akaziba vinywa vya upande huo, akaanza kusimamisha ua wa nyasi wa kuzuia upepo. Nyasi zilipomwishia alikuja Baba Ngoi na baiskeli yake, imebeba mzigo wa nyasi mpaka haionekani. Hakutania. Alisema tu kwamba kwake nako upepo unapita, na tanuru lake linafuata. Wakafunga ua pamoja mpaka ukaisha.

Moto ulipozimika tulimsihi Baba afungue. Alikataa. Alisubiri mpaka tanuru likapoa kabisa, nasi tukisubiri kama watu wanaoumwa meno. Safari hii hapakuwa na munkoyo, wala koti, wala katekista. Tulikuwa sisi watano tu. Baba akatoa tofali la kwanza upande wa barabara, lenye gurudumu, akampa Mama. Mama akaligonga kwa pete yake.

Likalia. Mama akaligonga tena, maana hakuyaamini masikio yake, kisha akaketi chini pale pale kwenye majivu na kulia kwa sauti. Poli naye akalia kwa kumwona Mama analia. Safu ya juu kabisa ilikuwa bado mbichi, na Baba alipoligonga moja likasema pu, akacheka, akamgeukia Poli na kumuuliza ilikuwa fasi gani. Poli akaonyesha juu, mbinguni. Tulichoma tena tanuru dogo baadaye, kwa ajili ya yale.

Mvua ya kwanza ilitukuta na kuta zilizofika juu ya madirisha. Mtu wa ofisi ya viwanja alikuwa amepita, akazitazama, akazisukuma kwa bega, akaondoka bila maneno mengi, na kiwanja kikabaki chetu. Jioni ile inswa, wale kumbikumbi, walitoka kwenye mabaki ya kichuguu, tukawakamata kwa beseni, Mama akawakaanga, tukala wote chini ya turubai. Mama alikuwa amefungua sanduku. Kila mmoja alipata sahani yake, lakini tulikuwa tumezoea vibaya, tukaishia kula kwenye ile moja.

Baba alipomaliza ukuta wa ndani aliweka karibu na mlango matofali matatu ya tanuru la kwanza: samaki aliyeungua, gurudumu bichi, na dole gumba. Hakutueleza kwa nini. Ila tulipoleta alama mbaya kutoka shuleni hakupiga kelele. Alitusimamisha pale na kuuliza, "Fasi gani?" Na ulilazimika kumwonyesha hesabu yenyewe, mstari wenyewe ulipopotelea. Ningependelea fimbo, nawaambieni kweli, fimbo ilikwisha haraka. Feliki alianguka mtihani wa reli, akarudi pale mlangoni, akaanguka tena. Alipokuja kuendesha garimoshi hatimaye, Mama alisikia filimbi kutoka mbali na kudai anaujua mkono wake.

Wote wamekwenda sasa. Baba, Mama, yaya Feliki, na hata Poli wangu mdogo, aliyekufa akiwa na mvi. Nyumba ingalipo, mabati yamebadilishwa, mji umeizunguka. Siku hizi mtu akishindwa anajifungia. Sisi kushindwa kwetu kulikaa ukutani, kila mgeni akikuona anapoingia, na hatukufa kwa haya. Sisemi tulikuwa bora. Tulikuwa na baba aliyejua kuinama na kuokota, na hilo nalikumbuka kwa hamu kuliko muhogo wote wa ujana wangu.

Mwaka huu mjukuu wangu alianguka mtihani wake wa mwisho. Alilala akitazama ukuta, hakutaka kula, akasema shule basi. Nilimwacha. Kisha nikamwomba anipigie lipu nyumba, maana kuta zimezeeka, ila aniachie matofali matatu ya mlangoni. Akauliza samaki yule alichorwa na nani, nikamwambia. Nikamweleza habari za upepo. Alipomaliza kupiga lipu aliingia chumbani, akatoka na karatasi zake za mtihani, akaziweka mezani mbele yangu.

"Nkambo," akasema, kidole juu ya mstari mmoja, "ni hapa."

Sikuelewa hata nusu ya yale mahesabu. Tulikaa nayo mpaka chai ikapoa. Alipoinuka alipita mlangoni, ambako lipu ilikuwa bado mbichi kuyazunguka yale matofali. Akatazama huku na huku, akakandamiza dole gumba lake kando ya lile la Poli. Mimi nikainamia kikombe changu, nikajifanya sijaona.