Kila Anakogeukia Baba Mkwe

Nasimamia chumba cha kompyuta cha chuo chetu hapa Tukuyu, na ninajivunia. Kompyuta arobaini hazina kitu ndani. Zinavuta kila somo kutoka mashine moja iliyo ofisini kwangu.

Siku ya wazazi alikuja baba mkwe kutoka Kisiba, yule aliyewahi kumuuliza mume wangu, "Mkeo analipwa kwa kukaa tu?" Kwa mila zetu Wanyakyusa, mke hatazamani na baba wa mumewe. Basi nikamwachia mwalimu mmoja amwingize chumbani, nami nikajifungia ofisini, nimwonyeshe kazi yangu bila kuonana naye.

Nikarusha picha za Mlima Rungwe, ukijifunua ukungu kama bi harusi, kwenye kompyuta zote. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta: "Kumbe binti huyu anafanya kazi."

Kichwa kikanivimba. Nikawasha kamera ya kompyuta yangu nijitazame mimi mshindi, nikaweka sawa kilemba, nikajichekea meno yote nje. Nilisahau kwamba bado narusha kila kilichomo kwenye kioo changu.

Kisha ng'ambo ya ukuta ikaja sauti yake, ya upole: "Mwalimu, mwombe mkwe wangu azime. Kila ninakogeukia, yupo."