Noela Mwonja Bia

Hapa Segese mpishi wa pombe ndiye anayekunywa kwanza. Anakunywa mbele yako uone hajakutilia kitu, ndipo kikombe kinakuja kwako. Jirani yangu Noela alikuwa akinywa kwanza kwa mbwembwe zote. Alifumba macho, akaizungusha pombe mdomoni, akatoa hukumu. Akisema mtama uliachwa ukaota kupita kiasi kabla ya kuanikwa, basi uliachwa.

Ulimi huo ndio uliomleta Donatus kutoka Kahama. Ana baa inayopika bia yake yenyewe, ya kimea cha shayiri na maua makavu ya hopsi, rangi ya asali, chungu, ile ambayo wageni wa mgodini wanaiita peli eli. Noela akawa mwonjaji wake, na pipa halikufunguliwa kwa wateja mpaka yeye aseme. Aliinua glasi kwenye mwanga, akatazama povu linavyokaa, akaingiza pua, ndipo akaonja. Akirudi ananieleza harufu ya ganda la limau, na uchungu unaotakiwa uje mwishoni na uondoke bila kung'ang'ania. Mimi nilicheka, kwangu bia ni bia. Lakini sijaona mtu mzima akiipenda kazi namna ile.

Mumewe Mayala ni mchimbaji. Dhahabu yake aliichoma kwa zebaki jikoni kwa Noela, mlango kaufunga ili watu wasijue kapata, na moshi wote ukabaki humo na mkewe. Tulimpigia kelele, akasema tuna wivu. Hadi leo nikipishana naye njiani namkunjia uso, na sijutii.

Mwanzoni Noela alisema ana mafua. Mafua gani hayo yasiyoisha? Maharage yaliungua naye kakaa hapo hapo jikoni, hana habari. Kila chakula, alisema, kina ladha ya msumari. Hospitali wakamwambia akae mbali na ule moshi, ila hawawezi kumwahidi kwamba pua na ulimi vitarudi kama zamani. Kwa Donatus hakusema neno. Aliendelea kuinua glasi, kuingiza pua, na kutamka yale yale ya limau, naye Donatus akaitikia, "Umepatia, Mama Abel."

Siku moja, akiwa ameshafika stendi, alikumbuka kuwa ameacha mtandio wake kazini. Aliporudi alimkuta Donatus anaonja upya pipa ambalo yeye alikuwa amelipitisha asubuhi ile. Donatus akatema, akalifungulia bia yote ikamwagika sakafuni. Ilikuwa imegeuka siki.

"Tangu lini unaonja nyuma yangu?" Noela akauliza.

"Tangu mvua zianze, mama. Niliona aibu kukuambia."

Kumbe "umepatia" zote zile zilikuwa huruma tu. Noela aliondoka bila kuuchukua huo mtandio, na huko hakurudi tena.

Jumapili iliyopita nilimkuta amepika pombe ya mtama, kwa mazoea ya mikono tu.

"Mwangaluka, Mama Abel."

Aliitika kwa sauti ndogo, akachota, akanipa kikombe moja kwa moja. Nikasubiri anywe kwanza. Hakunywa.

"Kunywa wewe," alisema. "Uniambie ikoje."

Nikanywa. Hii haikuwa pombe ya kusifia kwa adabu. Katika miaka yote ya ujirani wetu hajawahi kupika nyingine iliyoifikia. Uchachu umetulia, na utamu wa mtama unakuja taratibu. Iliniuma kwamba sote tungeifaidi isipokuwa yeye. Nikamwambia hivyo hivyo nilivyoionja, nikaapa kwa jina la mwanangu, machozi yakinitoka.

Alinitazama usoni, akayaona hayo machozi.

"Na wewe umeanza, Mama Esta," alisema. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, kisha akaubeba mtungi mzima na kwenda kuumwaga nje.