Mashua Inayopigwa Mswaki

Kila Jumamosi asubuhi, yule daktari wa meno mstaafu huimwagia mashua yake ya tanga maji baridi, kisha huchutama na mswaki akasugua kila kipembe, utadhani mashua imeachama mdomo. Mkewe hukaa gatini na kikapu cha chakula, akingoja matembezi ya baharini aliyoahidiwa miaka minne iliyopita. Nyumbani bomba la jikoni linavuja tangu mwaka jana, na bwana huyo hajaligusa hata kwa kidole. Lakini hapa gatini, loo! Anayepanda sharti avue viatu na anawe miguu. Na ole wake atakayetamka kamba. “Kamba ni ya mbuzi,” humkata kauli. “Hii ya kupandishia tanga ni henza, na ile ya kulivutia ni demani.” Mkewe akiuliza watatoka lini, hujibu, “Wiki ijayo, mama watoto, rangi haijakauka,” kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia wagonjwa kwamba haitauma.

Jumamosi iliyopita mama watoto alikiweka kikapu chini, akaifungua kamba iliyoishika mashua gatini, akabaki na ncha yake mkononi. Upepo ukaisukuma mashua hatua mbili tu. Bwana akaangusha mswaki, akaukumbatia mlingoti kwa mikono miwili, macho yamemtoka pima.

“Kamba!” akapiga yowe. “Mke wangu, vuta kamba!”

“Ipi, baba watoto?” mkewe akauliza, bila haraka. “Ya mbuzi?”