Mchinjaji wa Mota

Sina kawaida ya kusifu wifi. Mama alinizalia kaka mmoja tu, na tangu anaanza kuota ndevu nilijiapiza kwamba mwanamke atakayemchukua atanitambua. Aliyemchukua hakunitambua hata kidogo, wala hakuonekana kujua kwamba kuna kitu cha kutambua. Na leo ndiye ninayemsifu mbele za watu.

Habari zake tulizipatia jikoni kwa mama. Kaka alikuwa ametoka kazini, anakula, akatamka tu kwamba amepata mchumba, na kwamba wanafanya kazi pamoja.

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Yeye yuko upande wa mapanga, mama. Anashinda nayo kutwa. Kule karakana wanamwita Mchinjaji."

Mama alishusha sufuria taratibu. "Wanawake wote waliojaa mjini, mwanangu, wewe ukamwona huyo?"

Kaka alicheka mpaka chakula kikampalia. Ikabidi atueleze kwamba panga analosema ni lile linalozunguka, kama la feni ya darini, ndilo linaloinua chombo kwenda juu. Vitabuni huitwa rafadha, lakini pale kazini ukisema rafadha watakuuliza umetokea shule gani. Na uchinjaji wenyewe ni wa mota, si wa watu. Mama aliitikia "aha", lakini siku binti alipokuja kujitambulisha, alikuwa akimwangalia mikono muda wote.

Kampuni yao ilianza na droni ndogo za kupeleka dawa na damu hospitalini. Kaka alikuwa akiziongoza kutoka chini, ameshika rimoti mkononi, shingo imeelekea juu. Wifi yeye alikuwa chumba cha majaribio. Nilikiona kwa macho yangu walipokuwa wameshaoana na kupata mtoto, siku niliyompelekea kaka chakula alichosahau. Chumba chembamba, kuta za zege, dirisha la kioo kinene kama ubao wa meza. Ndani mota imefungwa kwa nati kwenye kitako cha chuma, panga linazunguka hadi huoni panga, unaona duara jeupe tu. Yeye amesimama nje ya kioo, masikio ameyafunika, anaitesa. Akaipulizia vumbi. Akainyunyizia maji. Akaiongezea mzigo, akaiongezea tena, mpaka ikatoa moshi na kunyamaza. Kisha akaingia, akaifungua vipande vipande, akatafuta imekufa kwa nini.

"Bora ifie humu," akaniambia alipovua vile vya masikioni. "Humu hakuna wa kuanguka nayo." Halafu akaniuliza mimi nafanya kazi gani.

"Nasuka," nikasema. Nina saluni, na najivuna nayo.

"Hata mimi nasuka."

Nikadhani ananidhihaki. Kumbe kweli, mota husukwa. Alinionyesha ile ya kuwekwa badala ya iliyokufa, waya mwembamba wa shaba umepita kwenye meno ya chuma, mstari kwa mstari, umelala vizuri kuliko nywele yoyote iliyowahi kukaa kwenye kiti changu. Nilikuwa natafuta neno la kumsifu, lakini yeye akakunja uso. Waya mmoja ulikuwa umempanda mwenzake, huko ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Akafumua yote. Kazi ya asubuhi nzima, aliifumua mbele yangu huku akinisimulia habari za mtoto wao anayeota meno.

Mimi hapo ningeficha. Ningevuta nywele ya pembeni, nikapaka mafuta, mteja akaondoka anang'aa. Niliudhika naye siku ile, na sikujua kwa nini. Sasa najua.

Basi wakubwa wakaja na mpango wa chombo cha kubeba mtu. Kiti kimoja, mabawa mafupi, mota nane na mapanga nane, bila tone la mafuta, betri peke yake. Kinapaa wima kama droni, kikishafika juu mapanga yanalala kuelekea mbele nacho kinakwenda kama ndege. Hakihitaji uwanja; ua wa zahanati unatosha. Daktari anaweza kushushwa mahali ambapo barabara imekatika na mvua. Na wa kukirusha mara ya kwanza akachaguliwa kaka yangu.

Hamjui maana yake. Kaka alikuwa mtoto wa kupanda juu ya kila kitu. Ukuta, tangi la maji, paa la jirani. Amekaa miaka akirusha vyombo ambavyo yeye mwenyewe hayumo ndani. Alipopewa habari ile alikuja saluni kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanieleza huku akitazama darini. Nililia mimi kwa niaba yake.

Siku ya kurusha walialikwa wageni wenye suti, na wa magazeti, na familia. Mama alivaa nguo yake ya heshima. Kaka ameketi ndani ya chombo, kofia kichwani, anatupungia. Utaratibu wao ulikuwa huu: kwanza mota huzungushwa kidogo chombo kikiwa chini, kisha huzimwa, mpimaji anazipitia, ndipo anatoa ruhusa. Mpimaji ni wifi. Akazipitia moja moja kwa kipimo cha joto, na baada ya kipimo akaweka mgongo wa kiganja. Alipofika ya sita akasimama. Akarudi ya tano. Akarudi ya sita.

"Hapana," akasema.

Mhandisi mkuu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akamfuata. "Kuna nini?"

"Hii inachelewa kupoa kuliko wenzake."

"Kipimo kinasemaje?"

"Kipimo kinasema iko sawa."

"Na hata moja ikizima, saba zinatosha kumshusha. Unalijua hilo, wewe mwenyewe ulilipima."

"Ikizima, ndiyo. Ikishika moto je? Imepakana na betri."

"Una uhakika ina kasoro?"

"Sina," wifi akasema. "Ndiyo maana nasema hapana."

Kaka aliinua kioo cha kofia. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya kubembeleza ambayo mwanamume hapendi isikike na watu, "Mke wangu. Usinifanyie hivi leo." Wifi alikuwa ameshaanza kulegeza nati.

Wageni wakaondoka. Mama alitembea hadi langoni bila kugeuka. Mimi nilimwendea wifi, nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa, la mwisho likiwa kwamba ana wivu na nyota ya mumewe.

Kama mota ile ingekutwa na kasoro, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia. Haikukutwa. Aliifunga kwenye kitako chake, akaitesa kwa vumbi, maji na mizigo, ikazunguka tu. Aliitesa kupita nyingine yoyote, ikawa haitaki kufa. Mwishowe akaifungua ikiwa nzima, shaba safi, hakuna waya uliompanda mwenzake. Akaenda kwa mhandisi mkuu mwenyewe, hakuna aliyemtuma, akamwambia: "Nilikosea. Ni nzima." Kisha wakubwa wakasema mambo ya mume na mke yasiingizwe kazini tena. Yeye wakampeleka stoo kuhesabu skrubu, karakana nzima ikimcheka. Kaka wakamrudisha kwenye droni za dawa. Chombo akaja kukirusha rubani wa kukodi, kikapaa vizuri kabisa, na picha iliyotoka gazetini ni ya huyo wa kukodi akiwa amenyoosha kidole gumba.

Nyumbani kwao pakawa baridi. Kaka alikuwa akiongea na mkewe kwa kupitia mtoto, na mtoto mwenyewe anayajua maneno matatu. "Mwambie mama yako chumvi haimo." Mtoto anasema "mama", basi ujumbe umefika. Ningecheka kama asingekuwa kaka yangu. Wifi alijikaza, akapika, akafua, akaenda stoo na kurudi. Nilimpitia siku moja nikitaka kuona kama amejuta. Nilimkuta anakunja nguo za mumewe.

"Ukirudishiwa siku ile," nikamwuliza, "ungesema nini?"

"Hapana."

"Hata ukijua mota ni nzima?"

"Siku ile sikuwa nikijua, wifi. Ndiyo siku unayoniuliza." Akaendelea kukunja. Halafu, bila kuinua uso, akasema, "Najua ananichukia. Lakini ananichukia akiwa hapa mezani."



Chombo cha pili kilipokamilika, kikubwa kuliko cha kwanza, kina viti viwili na mota za aina mpya ambayo haijawahi kufungwa kwenye chombo chochote, rubani wa kukodi alikuwa ameshakwenda zake kwa wenye kulipa zaidi. Wakamkumbuka kaka. Wageni wakaalikwa tena, suti zile zile. Mama alikataa kuja, alisema moyo wake hauna spea. Nikaenda mimi.

Kaka akapanda, akajifunga mikanda, akazizungusha mota kidogo, akazizima. Mpimaji, kijana wa watu, mwaminifu kabisa sina neno naye, akapitisha kipimo kwenye mota zote akainua mkono: tayari. Kila mtu akarudi nyuma. Tukasubiri. Mapanga hayakuanza tena kuzunguka.

Mhandisi mkuu akasogea. "Kuna tatizo?"

"Nani kazipima mota za aina hii chumbani?" kaka akauliza.

Akatajiwa kijana.

"Zilikufa ngapi?"

"Hakuna iliyokufa. Zote zilifikia kiwango, akazizima. Hakukuwa na haja ya kuendelea."

Kaka akavua kofia, akaiweka mapajani. "Mwiteni mke wangu."

Mmoja wa wenye suti alishindwa kujizuia. "Bwana, mke wako si ndiye aliyetuaibisha hapa? Na alikuwa amekosea! Mota ilikuwa nzima!"

"Alikosea," kaka akasema. "Akachekwa na kila mtu, na mimi nikiwemo. Huyu kijana wenu ni hodari, lakini hajawahi kuchekwa kwa ajili yangu. Nataka yule aliyekubali kuchekwa."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, mtu ambaye kwa miezi alikuwa akiomba chumvi kwa kupitia mtoto.

Wakamleta kutoka stoo, aproni imejaa vumbi la maboksi. Alikizunguka chombo. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye mota ya kwanza, ya pili, zote. Akauliza zilizungushwa chumbani kwa muda gani, kijana akamjibu. Akauliza kama zilitiwa vumbi, hazikutiwa. Nilimwona anawatazama wageni, na magari yao, na mhandisi mkuu ambaye uso ulikuwa unamwomba aseme ndiyo. Nadhani hata mimi nilikuwa namwomba. Safari hii alikuwa na sababu zote za kusema ndiyo: mume kamrudia mbele ya watu, kazi yake inamwita, neno moja tu na aibu yote inafutika.

Akaenda hadi upande wa kaka. Haya ndiyo maneno ya kwanza niliyowasikia wakiambiana ana kwa ana tangu siku ile.

"Shuka," akamwambia. "Nipe wiki."

Wenye suti wakaguna. Mmoja akatupa karatasi zake chini. Kaka alimtazama mkewe, akaanza kucheka, kicheko kile cha jikoni kwa mama, mpaka machozi yakamtoka. Akafungua mikanda, akampa kofia aishike, akashuka.